Kutu Ndani ya Tangi

Wengi wenu mmetuuliza habari ya motakaa ya misheni, kwa nini ilikaa bandani muda wa majuma sita bila kwenda mitaani, na kwa nini fedha za sadaka zilinunua tangi jipya la mafuta, ilhali lile la zamani kwa nje lilionekana bado zima. Maswali hayo si mabaya. Fedha za kanisa ni fedha zenu, na mwenye mali ana haki ya kujua. Basi tumeona yafaa kuieleza habari yote kwa taratibu, wala si kwa ajili ya motakaa peke yake. Kila nyumba ina chombo cha chuma, na siku hizi ni nyumba chache zisizokuwa na mtu ashikaye petroli kwa mikono yake.

Motakaa yetu ni Land Rover ile fupi, iliyoundwa katika miaka ya 1960. Vijana huicheka kwa uzee wake, walakini wazee huiheshimu, kwa kuwa imechukua wagonjwa, na mabati ya shule, na mahindi wakati wa njaa, na maiti pia. Namna hiyo ya motakaa ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza katika mji wa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Siku zile vita kuu vilikuwa vimekwisha miaka mitatu tu, na katika Uingereza chuma kiligawanywa kwa kipimo. Kwa hiyo waundaji wake, kampuni ya Rover ya huko Solihull, waliufanya mwili wake kwa alumini iliyochanganywa na madini mengine, maana alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Ndiyo sababu ubavu wa motakaa kama hii waweza kunyeshewa mvua miaka 60 usishike kutu. Lakini mihimili yake ya chini, yaani chesi, ni ya chuma. Na tangi la mafuta, lililofichwa chini ya kiti cha mbele upande wa kulia, ni la chuma vilevile. Basi aitazamaye kwa nje huona motakaa nzima, wala hajui kwamba chini ya kiti cha dereva kuna chombo kinacholiwa kidogo kidogo. Wazee wetu walisema, Kikulacho ki nguoni mwako.

Ugonjwa wenyewe ulianza kama kikohozi. Motakaa ikipita tambarare ilikwenda vizuri. Ikifika mlimani, ambapo injini yahitaji mafuta mengi, ilikohoa, ikapungua nguvu, ikasimama. Dereva alingoja kidogo, kisha injini ikawaka tena kana kwamba haikuwa na neno. Sasa pampu ya mafuta ya motakaa hii ina kibakuli cha kioo cha kukusanya taka. Dereva alipokifungua alikuta unga wa rangi ya hudhurungi, laini kama tumbaku ya kunusa, na chini yake matone ya maji. Akakiosha, akakirudisha, safari ikaendelea. Baada ya juma moja kilikuwa kimejaa tena. Akakiosha tena, akanunua na chujio jipya. Mambo yalikuwa hivyo tangu mvua za vuli hata karibu na Kwaresima. Chujio ni kitu chema, lakini kazi yake ni kukamata taka zipitazo. Hakiwezi kuziondoa mahali zitokapo. Aoshaye chujio kila juma bila kulitazama tangi amefanana na mama afutaye machozi ya mtoto kila saa, asimwulize analilia nini.

Hata usiku mmoja tulimpakia mama mwenye uchungu wa kuzaa, wa mtaa mmoja wa milimani, kumpeleka hospitali. Motakaa ilisimama mara nne njiani. Mara ya nne tulikuwa gizani katikati ya mlima, mvua ikinyesha, na mumewe akatuuliza kwa sauti ndogo, “Walimu, tumbebe kwa machela?” Hatukuwa na jibu la kumpa. Mungu akarehemu, injini ikawaka, na yule mama alijifungua dakika chache baada ya kuingizwa ndani ya mlango wa hospitali. Yeye na mtoto wote ni wazima. Lakini siku ya pili wazee wa kanisa walikutana, wakasema kwamba motakaa haitatoka tena mpaka ugonjwa wake ujulikane.

Kabla hatujaeleza waliyoamua, yafaa msomaji aelewe kutu huingiaje ndani ya chombo kilichofunikwa na kujazwa mafuta. Watu wengi hudhani kwamba petroli, kwa kuwa ni mafuta, hulinda chuma. Hulinda kweli pale inapogusa. Lakini tangi lisilojaa lina nafasi tupu juu ya mafuta, na nafasi hiyo ina hewa. Mchana jua likipiga, hewa hiyo hupanuka na kutoka kidogo. Usiku kukipoa hupungua, na tangi huvuta ndani hewa mpya ya nje. Yaani tangi lapumua kama kiumbe. Huku kwetu, baina ya bandari ya Tanga na milima ya Usambara, hewa ya usiku ina unyevu mwingi, hasa wakati wa masika. Unyevu ule hugusa kuta za tangi zilizopoa, ukageuka kuwa matone kama umande juu ya majani, na matone hushuka mpaka chini. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hayaelei juu, hukaa chini kabisa, katika pembe na maungo ambayo hayaonekani. Pale maji, na chuma, na hewa hukutana, na kutu ni mtoto wao.

Zamani waundaji wengi wa matangi walilijua jambo hili, nao walilipaka bati la chuma utando mwembamba wa risasi iliyochanganywa na madini ya bati ili maji yasiguse chuma chenyewe. Utando huo hufanya kazi miaka mingi, ila haudumu milele. Ukiisha kuchubuka mahali padogo, kutu huanza hapo na kutambaa. Tena katika nchi nyingine siku hizi petroli huchanganywa na spiriti iliyotengenezwa kwa miwa au mahindi, na spiriti hupenda maji, huyavuta na kuyashika, hata matangi ya zamani yanaumia zaidi. Motakaa yetu nayo iliwahi kusimama bandani masika mawili kwa kukosa mipira ya magurudumu, na tangi likiwa robo tu. Robo tatu ya tangi ilikuwa ikipumua unyevu usiku na mchana. Hapo ndipo kutu ilipopata nafasi yake.

Basi katika baraza la wazee kulikuwa na mashauri matatu. Mzee mmoja alisema tununue kipande cha sabuni ya kufulia. Usimcheke, msomaji, maana shauri lake ni la kweli: sabuni ngumu ikisuguliwa penye tundu dogo la tangi huziba, kwa kuwa petroli haiiyeyushi, na madereva wengi wamefika nyumbani kwa sabuni. Lakini maji ya mvua yakiipiga kwa nje huondoka. Tena sabuni huziba kivujacho, haiondoi kutu iliyo ndani.

Mzee wa pili alisema tangi lipelekwe sokoni kwa fundi wa kuchomelea, naye alizibe kwa moto. Shauri hilo lilipendeza wengi, kwa kuwa gharama yake ni ndogo. Ndipo fundi wetu wa motakaa, mtu asiyesema sana, aliposimama akasema, “Wazee wangu, nipeni kazi yoyote, nitaifanya. Lakini tangi hili mimi sitalipeleka penye moto, wala sitampa mtoto wa mtu alipeleke.”

Baraza likanyamaza, maana wote walijua alichokumbuka. Miaka michache iliyopita tulimzika kijana wa mtaa wetu, mwanafunzi wa kazi ya kuchomelea. Aliletewa pipa lililokuwa na petroli zamani, alikate lipate kuwa hori la ng'ombe. Pipa lilikuwa tupu tangu siku nyingi, halina hata tone moja la kumwagika. Aliligusa kwa moto, likapasuka. Mama yake alikuwa jikoni, naye alisikia kishindo akadhani ni radi. Sisi ndio tuliomfundisha kijana yule katekisimu, na sisi ndio tuliosoma maneno ya kaburini.

Hapa tungependa kila mwalimu asimame kidogo awaeleze watoto wake, kwa sababu jambo hili ni kinyume cha watu wanavyodhani. Petroli ya maji haiungui yenyewe. Kinachoungua ni mvuke wake. Na mvuke huo huwaka pale tu unapochanganyika na hewa kwa kadiri fulani, baina ya sehemu 1.4 na sehemu 7.6 hivi katika kila sehemu 100. Ndani ya chombo kilichojaa petroli hakuna nafasi ya hewa. Lakini chombo kilichomwagwa kikabaki na unyevu kidogo tu kina hewa tele na mvuke haba, yaani kadiri ile ile inayolipuka. Kwa hiyo tangi tupu ni la hatari kuliko tangi lililojaa. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Hautoki upesi kwa kupanda juu, bali hulala chini, hujificha katika maungo na chini ya kutu, na huweza kutambaa sakafuni mpaka ukafika penye jiko la mkaa lililo mbali. Kuosha kwa maji ya moto na sabuni hupunguza hatari, lakini mahali pa kutu hufyonza petroli kama sifongo, na moto ukikaribia huitoa tena. Wapo mafundi wenye vyombo na maarifa ya kazi hiyo. Asiye na maarifa hayo asijaribu, hata akiambiwa kwamba fulani alifanya akapona.

Shauri la tatu lilikuwa la fundi mwenyewe. Alisema, “Tulifungue, tulisafishe bila moto, tuone ndani. Likiwa zima, tutalilinda. Likiwa limekufa, tutasema limekufa.” Wazee wakakubali.

Kazi ilifanyika namna hii. Kwanza motakaa ilisukumwa nje ya banda, mahali penye upepo, mbali na jiko na taa, na nyaya za betri zikafunguliwa. Petroli ilitolewa kwa kizibo kilicho chini ya tangi, ikaingia katika madebe ya bati yenye vifuniko. Hatukumruhusu mtu yeyote kuivuta kwa mdomo na mpira, kama wafanyavyo wengi, maana petroli kidogo ikiteleza ikaingia katika mapafu yaweza kumwua mtu mzima. Kisha kiti kikatolewa, mirija ikafunguliwa, na kipimo cha mafuta chenye kiboya chake kikatolewa juu ya tangi. Tangi likaoshwa mara tatu kwa maji ya moto na sabuni, likijazwa kila mara mpaka kufurika ili mvuke usukumwe nje, halafu likaachwa wazi upeponi siku mbili.

Baadaye fundi alitia ndani kipande cha mnyororo, akaziba matundu, akalitikisa na kuligeuza kwa muda mrefu ili magamba makubwa yabanduke. Yalitoka magamba ya kujaza kopo zima. Kisha akaandaa dawa isiyo na ukali. Viwanda vya sukari, kama vile vya Moshi na Kilombero, vikiisha kutoa sukari katika miwa hubakiwa na asali nyeusi nzito, iitwayo molasi, ambayo wafugaji huwapa ng'ombe. Sehemu moja ya molasi ikichanganywa na sehemu tisa za maji hula kutu polepole, na chuma kizima hukiacha karibu kama kilivyo. Tangi letu huchukua lita 45. Basi alitia lita 4 na nusu za molasi, akajaza maji. Likakaa siku 14, likinuka kama pombe iliyoharibika, na watoto wa shule wakilizunguka kwa mbali. Anayetaka kufanya kazi upesi zaidi aweza kutumia siki, au asidi ya ndimu inayouzwa kama chumvi, ila asiisahau humo, kwa sababu asidi ikimaliza kutu huanza kula chuma. Wala vyombo vya alumini visitiwe katika molasi, huharibika.

Siku ya kumwaga dawa ilipofika, tulikuwapo walimu na wazee. Maji meusi yalitoka, tangi likasuuzwa mara nyingi, na fundi akamulika ndani kwa tochi. Kuta za juu ziling'aa rangi ya fedha ya kijivu, hata mzee wa shauri la kwanza akasema, “Alhamdulillahi, limepona,” nasi tukacheka pamoja naye. Ndipo fundi akalijaza maji na kuliweka juu ya mawe mawili. Chini, kando ya ungo lote la nyuma, yakatokea matone. Kwanza matatu, kisha kumi, kisha mstari mzima kama jasho juu ya paji la uso. Tundu hizo zilikuwako siku zote. Kutu yenyewe ndiyo iliyokuwa imeziziba. Fundi akachukua msumari, akaubonyeza kwa kidole gumba tu, ukaingia katika bati kama katika papai lililoiva.

Wapo waliohuzunika wakasema, “Kazi ya majuma yote imepotea bure.” Haikupotea. Tangi lile lingeendelea kukaa chini ya kiti cha dereva, likiwa limezibwa na ugonjwa wake wenyewe, mpaka siku moja ungo likaachia njiani, juu ya bomba la moto la moshi labda, na abiria ndani. Kujua kwamba kitu kimekufa ni faida, hata kama habari yenyewe haipendezi.

Hapo tena fundi alituonyesha jambo ambalo hatutalisahau. Alikuwa amezamisha ndani ya dawa ile ile boliti mbili za zamani. Zote mbili zilitoka safi, zinang'aa. Moja aliikausha upesi kwa kitambaa, akaipaka mafuta ya injini. Ya pili aliiacha juu ya jiwe na unyevu wake. Tukaenda kula chakula cha mchana. Tuliporudi, ile iliyopakwa mafuta ilikuwa kama tulivyoiacha. Ile nyingine ilikuwa imevaa rangi ya chungwa juu yake yote, kutu mpya, laini, tayari kuanza kazi. Haikuchukua hata saa mbili. Fundi akasema, “Walimu, chuma kilichosafishwa hakina rafiki. Kilipokuwa na kutu kilikuwa na nguo, ingawa ni nguo mbaya. Sasa kiko uchi. Usipokivika wewe, kutu itarudi kukivika.”

Mara tulikumbuka lile fundisho la Bwana wetu juu ya pepo mchafu aliyemtoka mtu, akarudi akaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaenda akawaleta wenzake saba waovu kuliko yeye. Tumelifundisha fundisho hilo miaka mingi, na kila mara tulilieleza kwa habari za nyumba, kama lilivyoandikwa. Siku ile tuliliona kwa macho katika boliti ndogo iliyolala juu ya jiwe. Ubaya wa nyumba ile haukuwa kufagiwa. Ubaya wake ulikuwa kubaki tupu.

Basi mwenye tangi ambalo bado lina bati nene na asafishe kwa moyo wote, lakini ajue kwamba kusafisha ni nusu ya kazi. Akiisha kusuuza asidi au molasi, apitishe maji yenye magadi kidogo ili ukali uishe, alikaushe siku ile ile kwa hewa ya joto isiyo ya moto wa wazi, na mara hiyo hiyo alivike: ama kwa mafuta mepesi ya kuzungushwa ndani ikiwa litajazwa petroli upesi, ama kwa rangi maalumu ya matangi isiyoyeyushwa na petroli. Rangi hiyo hushika juu ya chuma kisafi kikavu tu. Ikipakwa juu ya kutu au unyevu, baada ya miezi hubanduka kama ganda la embe na kuziba mirija, na hali ya pili huwa mbaya kuliko ya kwanza. Ajaribu kuvuja kwa maji, au kwa povu la sabuni na pumzi kidogo ya pampu ya baiskeli. Asijaribu kwa petroli.

Kwetu sisi, wazee walikubali kununua tangi jipya, na kwa bahati njema matangi ya motakaa hizi bado yanatengenezwa. Chama cha akina mama kilitoa sehemu ya fedha kwa kuuza mayai na ndizi. Nyingine ilitoka katika sadaka zenu. Lilipofika, fundi hakulifunga siku ile. Kwanza alipuliza mirija yote ya zamani, akaosha kibakuli cha pampu na kabureta, akabadili chujio na mipira ya maungo, akahakikisha njia ya hewa haikuziba. Alisema kwamba tangi jipya likifungwa kwenye mirija yenye unga wa kale, watu hulisingizia tangi jipya makosa ya lile la zamani.

Sasa motakaa yapanda milima bila kukohoa. Lakini kwa lile tangi jipya wazee wameweka kanuni tatu, nazo zimebandikwa ukutani bandani. Ya kwanza: jioni motakaa isilazwe na tangi karibu tupu, hasa masika na vuli, fedha ikipatikana lijazwe, maana palipo na mafuta hapana nafasi ya umande. Ya pili: kila mwezi kizibo cha chini kifunguliwe kidogo asubuhi, kabla motakaa haijatikiswa, maji yaliyotulia yatoke katika chupa, wala yasimwagwe mtoni. Ya tatu: motakaa isikae miezi bila kwenda. Ikilazimu kukaa, tangi lijazwe na kuzibwa vizuri, na petroli iliyozeeka ibadilishwe, kwa kuwa petroli nayo huchacha ikaacha gundi. Kanuni hizi si ngumu. Zingefuatwa tangu miaka ya 1960, huenda tangi la kwanza lingekuwapo hata leo. Na zisipofuatwa, la pili nalo litakufa, ingawa leo linang'aa.

Enyi wazazi, mna haja na haya hata kama hamna motakaa. Debe au pipa lililokuwa na petroli msilitumie kuwekea mafuta ya taa. Petroli kidogo iliyobaki chini ikichanganyika na mafuta ya taa huifanya taa au jiko kulipuka usoni pa mwashaji, na aghalabu mwashaji ni mama au binti. Watoto wasichezee mapipa ya zamani kwa moto. Na mtu akimletea kijana wenu pipa alikate, ulizeni kwanza lilikuwa na nini. Ni aibu ndogo kumwuliza mteja, nayo ni rahisi kuichukua kuliko ile safari ya kwenda makaburini.

Nanyi walimu, tunaowafundisha watu kuacha mambo ya zamani, tulitafakari neno la fundi. Mara nyingi twamwambia mtu aache ulevi, au uganga, au ugomvi na ndugu zake, naye aacha kweli. Twambatiza, twafurahi, twaandika jina lake kitabuni, kisha twamwacha juu ya jiwe na unyevu wake. Jioni hana pa kwenda. Marafiki wa kale amewaacha, na wapya hawajamjia. Je, ni ajabu akirudi? Kubatizwa ni kufanywa upya, wala hatupunguzi ukuu wake. Lakini aliyefanywa upya ahitaji mtu wa kumjia jioni, na kazi ya mikono, na sala ya nyumba yake mwenyewe, na mahali pa kukaa katika shamba la kanisa. Katika mtaa wetu tumeamua kwamba kila abatizwaye Pasaka hii atakuwa na nyumba mbili za Wakristo zitakazomtembelea kila juma mpaka mwaka uishe. Majina ya nyumba hizo yatasomwa kanisani, na kila mwezi mwalimu atauliza kama zimekwenda, kama dereva anavyoulizwa habari ya kizibo cha chini.

Mungu Baba azilinde nyumba zenu na vyote vilivyomo, azijaze kwa Roho wake, asiziache tupu hata siku moja. Tuombeeni, nasi twawaombea.